KUCHAGUA KAMERA NA LENZI YA MBALI KWA PICHA ZA MICHEZO

Maelezo kwa Makatibu, Kamati na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai, wanaushirika duniani kote huadhimisha Siku ya Ushirika. Katika vyama vyetu vya msingi maadhimisho hayo huambatana na michezo: kandanda, netiboli, riadha na kuvuta kamba. Baada ya michezo huhitajika picha kwa ajili ya taarifa ya mwaka, ubao wa matangazo, kurasa za jarida hili na kumbukumbu ya chama. Lakini picha nyingi zinazoletwa huonyesha uwanja mpana na mbingu pana, na katikati yake vijitu vidogo visivyotambulikana. Nyingine huonyesha mchezaji aliyefifia kama moshi. Mama aliyemzaa mfungaji wa bao hawezi kumwona mwanawe humo.

Kwa sababu hiyo baadhi ya kamati huazimia kununua kamera. Azimio hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Fedha zitakazotumika zimetokana na kilo za kahawa, pamba, korosho au lita za maziwa za wanachama, na kamera ya michezo si kitu cha bei ndogo. Chama kinaweza kutumia fedha nyingi kwa bodi ya kamera ya fahari, kikapewa pamoja nayo lenzi fupi, kisha picha zikawa zilezile za vijitu vidogo. Makala hii inakusudia kueleza namna ya kuchagua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, pamoja na lenzi ya mbali inayoifaa, ili kamati iweze kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutoa fedha.

MAMBO MATATU YANAYOTAWALA

Picha ya mchezo hutawaliwa na mambo matatu: mwendo, nuru na umbali. Anayeyaelewa haya hadanganyiki dukani.

Kwanza, mwendo. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Kwa wastani alikuwa akienda kiasi cha mita 7 kwa kila sekunde. Shata ya kamera, yaani pazia linalofunguka na kufunga, ikiachwa wazi kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, mkimbiaji wa namna hiyo husogea karibu sentimeta 12 kabla pazia halijafunga, na picha hufifia. Kwa 1/250 husogea karibu sentimeta 3. Kwa 1/1000 husogea milimeta 7 tu, na sura yake huonekana imetulia. Mikono na miguu huenda kasi kuliko kiwiliwili, na mpira huenda kasi zaidi. Kwa hiyo 1/1000 ndicho kipimo cha kuanzia kwa kandanda na riadha. Netiboli huweza kuridhika na 1/800. Kuvuta kamba, ambako watu hukaza misuli pasipo kwenda mbali, huridhika na 1/250.

Pili, nuru. Kadiri shata inavyofunga upesi, ndivyo nuru inayoingia inavyopungua. Upungufu huo hufidiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupanua tundu la lenzi. Tundu hupimwa kwa namba kama f/2.8, f/4, f/5.6 na f/8, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha nuru mara nne ya ile ya f/5.6, na mara nane ya ile ya f/8. Njia ya pili ni kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuitika nuru. Hata hivyo ISO ikizidi, picha huota chembechembe na rangi huchujuka.

Tatu, umbali. Uwezo wa lenzi kuvuta kitu karibu huonyeshwa na urefu wake wa fokasi, ambao huandikwa kwa milimeta. Tuchukue mchezaji mwenye kimo cha mita 1.75 aliyesimama mita 60 kutoka kwa mpiga picha. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera huishia milimeta 55. Kwa umbali huo itamchora mchezaji akiwa na kimo cha milimeta 1.6 ndani ya kamera, ambacho ni kama sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha katika kamera nyingi za bei ya kati. Hapo ndipo vijitu vidogo vinapotoka. Kosa si la mpiga picha, wala si la bodi ya kamera.

LENZI HUTANGULIA BODI

Kutokana na hayo, kamati na ianze na lenzi, ndipo ifikirie bodi. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache, ilhali lenzi njema iliyotunzwa hutumika miaka ishirini na zaidi. Katika bajeti, si vibaya lenzi ikagharimu zaidi kuliko bodi.

Ni urefu gani wa fokasi unaofaa? Jibu hutegemea mahali atakaposimama mpiga picha. Uwanja wa kandanda wa kipimo kamili una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, na goli lina upana wa mita 7.32. Ukisimama penye kibendera cha kona, mlingoti wa karibu wa goli uko kiasi cha mita 30 kutoka kwako. Kwa umbali huo lenzi ya milimeta 200 humchora yule mchezaji wa mita 1.75 kwa kimo cha milimeta 11.7. Katika kamera yenye kihisi cha wastani hiyo ni robo tatu ya kimo cha picha, kipimo kizuri kabisa. Lakini akiwa mita 60 kutoka kwako hupungua kwa nusu, na lenzi ya milimeta 400 ndiyo humrejesha katika ukubwa uleule. Hivyo basi, mpiga picha mwenye milimeta 200 huchagua kona ya goli analotarajia kushambuliwa, akangoja mchezo umjie. Mwenye milimeta 400 hufikia hata katikati ya uwanja. Uwanja wa netiboli, wenye mita 30.5 kwa 15.25, hauhitaji zaidi ya milimeta 200, na mara nyingi 100 hutosha.

Sasa tuangalie tundu, kwa kuwa hapa ndipo penye gharama. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimeta 200 yenye f/2.8 huhitaji upana wa kiasi cha milimeta 71. Ile ya milimeta 400 yenye f/2.8 huhitaji milimeta 143, kioo kipana kama sahani ndogo, kizito na cha bei ya kutisha. Bali milimeta 400 yenye f/5.6 huhitaji milimeta 71 tu. Ndiyo sababu lenzi mbili zenye urefu mmoja wa fokasi hutofautiana bei kama baiskeli na trekta.

Je, chama kinahitaji f/2.8? Jibu litoke katika saa ya michezo. Kanuni ya zamani ya wapiga picha yasema kwamba chini ya jua la wazi, tundu likiwa f/16, kasi ya shata hulingana na namba ya ISO. Tukihesabu kwa ISO 400, tundu la f/5.6 litatupatia kasi ya karibu 1/3200, na tundu la f/8 karibu 1/1600. Maana yake, mechi ya jua la alasiri hupigwa vizuri kwa lenzi ya bei nafuu, na chama kisilipie kioo kipana kisichohitajika.

Mambo hubadilika wingu zito linapotanda, au mechi inapokaribia saa kumi na mbili jioni. Nuru ikipungua hadi sehemu moja ya kumi na sita, lenzi ya f/5.6 kwa ISO 400 hushuka hadi 1/200, na wachezaji hufifia. Ili kurudi 1/1600 itabidi ISO ipandishwe hadi 3200. Lenzi ya f/2.8 hufika 1/1600 hiyohiyo kwa ISO 800. Kamera za miaka hii huvumilia ISO 3200 pasipo aibu. Lakini usiku chini ya taa, au ndani ya ukumbi, hata f/2.8 hulazimika kutumia ISO 3200 hadi 6400, na lenzi ya f/5.6 au f/8 hushindwa. Chama ambacho michezo yake ni ya ukumbini au ya usiku hakina budi kununua f/2.8.

Jambo moja zaidi: lenzi nyingi huuzwa na kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kifaa hiki hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakimtulizi mchezaji. Muuzaji akisema kwamba kwa kifaa hicho mwendo wa wachezaji utasimama, anapotosha.

NINI KITAZAMWE KATIKA BODI

Ukubwa wa kihisi. Kihisi ni bamba dogo linalopokea nuru mahali palipokuwa pa filamu. Bodi za fremu kamili zina kihisi cha milimeta 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Bodi za kihisi cha wastani, ziitwazo APS-C, zina kiasi cha milimeta 23.5 kwa 15.6, na za Canon hupungua kidogo. Fremu kamili hustahimili giza vizuri zaidi. Kihisi cha wastani, kwa kuwa hukata kingo za picha, humfanya mchezaji aonekane mkubwa zaidi: lenzi ya milimeta 200 huonyesha eneo ambalo kwa fremu kamili lingehitaji kiasi cha milimeta 300. Kwa chama chenye fedha kidogo na michezo ya mchana, kihisi cha wastani ndicho chaguo la busara.

Kufuata fokasi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika bodi. Kamera ya michezo hutakiwa kumfuata mchezaji anayekuja mbio na kurekebisha fokasi wakati wote. Kwenye bodi za Canon hali hiyo huitwa AI Servo au Servo, na kwa Nikon na Sony huitwa AF-C. Bodi nyingi mpya zisizo na kioo hutambua mwili, uso na jicho la mtu, zikamshikilia hata akipishana na wengine. Bodi za zamani za kioo humtaka mpiga picha mwenyewe aweke alama ya fokasi juu ya mchezaji, kazi inayohitaji mazoezi ya majuma machache.

Idadi ya picha kwa sekunde. Bodi ya picha 8 au 10 kwa sekunde yatosha. Nikon D500 ya mwaka 2016 na Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 hutoa picha 10, nazo zilitengenezwa hasa kwa mwendo wa kasi. Zimekoma kutengenezwa, lakini hupatikana zilizotumika. Canon EOS R7 ya mwaka 2022, isiyo na kioo, hutoa picha 15 kwa shata ya pazia na 30 kwa shata ya kielektroniki. Yafaa ieleweke kwamba katika bodi za bei ya kati shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, na kitu chenye kasi kikaonekana kimepinda. Bodi kama Sony A9 ya mwaka 2017 na Nikon Z9 ya mwaka 2021 zimepunguza sana kasoro hiyo, lakini hizo ni zana za waandishi wa habari za michezo. Chama cha msingi kitumie shata ya pazia.

Idadi ya nukta. Wauzaji hujisifia nukta milioni 40 au 60. Ukurasa mzima wa ukubwa wa A4, ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji nukta milioni 8.7 tu. Bodi ya milioni 20 huweza kukatwa nusu ya upana na nusu ya kimo, zikabaki milioni 5, zinazotosha nusu ya ukurasa huo. Nukta nyingi mno hujaza kadi upesi na kuielemea kompyuta ya ofisi.

Kadi ya kumbukumbu nayo isisahaulike. Bodi ya picha 10 kwa sekunde ikitiwa kadi ya polepole, hujaa na kugoma katikati ya shambulio la goli.

KUOANISHA LENZI NA BODI

Lenzi ya kampuni moja haiingii katika bodi ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja mambo hutofautiana. Lenzi za EF za Canon, ambazo zilianza mwaka 1987, hufanya kazi kwenye bodi mpya za RF kwa adapta ya kampuni hiyo, na fokasi yake hujiendesha. Lakini lenzi ya RF haiingii kamwe katika bodi ya EF. Kwa Nikon, adapta ya FTZ huwezesha lenzi nyingi za zamani kutumika kwenye bodi za Z. Hata hivyo, zile zisizo na mota ndani yake, kama zilizoandikwa AF-D, hazijiendeshi fokasi. Lenzi hizo hazijiendeshi pia kwenye bodi ndogo za kioo kama D3500 na D5600, ambazo hazina mota. Katibu na aione lenzi ikifanya kazi juu ya bodi ileile itakayonunuliwa, tena mbele ya macho yake.

MIPANGO MITATU YA KUPELEKWA KWENYE KAMATI

Mpango wa kwanza ni wa chama kidogo chenye michezo ya mchana. Bodi ya kihisi cha wastani iliyotumika, pamoja na lenzi ya milimeta 70 hadi 200 yenye f/4 au 70 hadi 300 yenye f/5.6. Vifaa hivi ni vyepesi, na hufaa pia kwa picha za mikutano na mashamba.

Mpango wa pili ni wa chama chenye michezo ya jioni au ya ukumbini. Bodi ileile, na lenzi ya milimeta 70 hadi 200 yenye f/2.8, ambayo ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Kikuza lenzi cha mara 1.4 huifikisha milimeta 280 kwa f/4, na cha mara 2 huifikisha 400 kwa f/5.6. Kwa njia hii kitu kimoja hufanya kazi za mchana na usiku.

Mpango wa tatu ni wa uwanja mkubwa na mchana wa jua. Lenzi ya milimeta 100 hadi 400, au ile ya Nikon ya 200 hadi 500 yenye f/5.6, au 150 hadi 600 za Sigma na Tamron. Lenzi nzito za kundi hili hufikia kilo mbili na zaidi. Mkono huchoka kabla ya mapumziko, kwa hiyo nguzo ya mguu mmoja ni sehemu ya bei, si anasa.

Vyama jirani vinaweza kushirikiana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kila chama kikawa na bodi yake ndogo ya mdomo wa aina moja, na lenzi ya mbali ikawa moja, iliyonunuliwa kwa mchango wa vyama vitatu au vinne, ikizunguka kwa ratiba. Lenzi ya mbali haitumiki kila juma, na kuifungia kabatini kwa miezi kumi ni kufungia fedha za wanachama.

VIFAA VILIVYOTUMIKA

Kununua kilichotumika si jambo la aibu, mradi kikaguliwe. Kwa bodi, uulizwe mara ngapi shata imefunguka, kwa kuwa shata huchakaa. Kadi itiwe, picha mia zipigwe mfululizo, na kila kitufe kijaribiwe. Kwa lenzi, imulikwe kwa tochi kutoka upande mmoja na itazamwe kutoka upande wa pili. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa vioo unaopatikana sana katika mahali penye unyevu kama mwambao wetu. Lenzi yenye kuvu isinunuliwe hata ikitolewa kwa nusu ya bei. Vumbi kidogo ndani halina madhara. Mwishowe fokasi ijaribiwe kwa mtu anayekuja mbio, kwa sababu picha ya ukuta haithibitishi kitu.

MALI YA CHAMA

Kamera ikishanunuliwa, ni mali ya wanachama wote. Namba za bodi na lenzi ziandikwe katika daftari la mali siku ileile, pamoja na stakabadhi. Kila anayeichukua atie sahihi, na anayeipokea aikague. Ihifadhiwe katika sanduku lenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na betri ichomolewe. Vumbi jekundu lipulizwe kwa pampu ya mkono kabla ya kufuta kioo, maana kitambaa juu ya mchanga ni msasa. Katibu akibadilishwa, kamera ikabidhiwe kwa maandishi sawa na mizani na mihuri. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Chama kiteue vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze kuitumia, ili asipokuwapo mmoja kazi isilale. Waanze na shata 1/1000, tundu wazi kabisa, ISO ya kujiendesha, na fokasi ya kufuata. Wasimame kona moja, jua likiwa nyuma yao, wangoje.

Kabla ya kuitisha bei, kamati iandike majibu ya maswali manne: michezo yetu huchezwa saa ngapi? Mpiga picha atasimama umbali gani? Picha zitachapwa kwa ukubwa gani? Nani atakitunza kifaa? Majibu hayo yasomwe mbele ya wanachama, ndipo bei tatu za wauzaji tofauti zilinganishwe. Chama kitakachofuata utaratibu huu kitanunua kinachohitajika, na mwanachama aliyetoa kilo zake atapata haki yake ya kuona uso wa mwanawe katika picha.